Kazi Sabini na Tatu kwa Jina Moja

Kulthumu Alimasi hakuwahi kuomba kuwa chifu wa darasa. Siku ya uchaguzi, mwaka wa kwanza wa kilimo, alikuwa amekaa nyuma akihangaika na kamba ya kiatu, na wenzake wakaona binti huyu wa fundi cherehani wa mtaa wa Hewa Bora hacheki ovyo, basi apewe yeye. Tangu siku hiyo akawa mtumishi wa watu sabini na wawili. Ndiye aliyefungua ukumbi, ndiye aliyetafuta kipaza sauti, ndiye aliyekwenda Luano kumpokea profesa mgeni akishuka kwenye ndege kutoka Kinshasa na kumbebea mkoba. Kazi zote za darasa zilipitia mikononi mwake pia. Unampa chifu, chifu anapanga rundo, chifu anapeleka kwa msaidizi wa profesa. Hata baba zao walisoma hivyo hivyo, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Walipoingia mwaka wa pili, chuo kikaleta jukwaa la masomo la mtandaoni. Sababu zilikuwa nzuri, na Kulthumu alizikubali kwa moyo wake wote. Ukumbi wa watu mia tatu ulikuwa ukijazwa watu mia saba, wengine wakiandika wakiwa wamening'inia madirishani. Karatasi za mitihani zilikuwa zikipotea kila mwaka. Profesa wa Kinshasa sasa angefundisha kupitia skrini, bila kusubiriwa wiki tatu kwa sababu ya tiketi ya ndege. Nani angebisha? Waliitwa ukumbini wakaonyeshwa picha ukutani, umeme ukakatika katikati ya maelezo, na mafunzo yakaishia hapo. Hakuna mkubwa aliyerudi kuyamalizia.

Kisha ikaja ripoti ya shamba, kazi ambayo ukipata sifuri huingii mwaka wa tatu. Wanafunzi wakafanya walivyozoea, wakampelekea chifu. Wengi simu zao hazikuweza kufungua jukwaa lile, wengine hawakuwa na mega za kuingilia mtandaoni. Kulthumu akakaa siku mbili nzima kwenye duka la intaneti, akazipakia ripoti zote kupitia akaunti yake, ya kwake ikiwa ya kwanza. Kila mara mashine ilimjibu: kazi imepokelewa. Mara sabini na tatu! Haikumwambia hata mara moja kwamba kila ikipokea mpya inaisukuma ya zamani pembeni.

Matokeo yalipobandikwa, sifuri zilikuwa sabini na mbili. Kulthumu peke yake alikuwa na kumi na sita juu ya ishirini, na hata hiyo haikuwa yake. Ripoti ya mwisho kupakiwa ilikuwa ya Jephté, aliyechelewa kurudi kutoka shambani Lukafu. Jina la Jephté lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, na ukurasa wa pili ulimshukuru mama yake Abigaël kwa kumwachia shamba la mahindi alipime. Msaidizi wa profesa aliisoma hiyo, au alijifanya kuisoma, akampa alama Kulthumu. Damu ilimchemka. Mashine haina macho, sawa, lakini huyu je?

Alikwenda moja kwa moja kwa sekretari wa kitivo, Papa Godefroid.

« Papa, bantu soixante-douze, darasa yote, bamepata zéro, na bote balifanya kazi. Miye njo nilizitia mu plateforme. »

« Kila muntu alikuwa na compte yake, na jina yake, mama. Juu ya nini balikupa weye? »

« Juu miye niko chef! Njo vile tulifanyaka siku zote. Na Yannick wa informatique, ule anachungaka mashini, anasema zote ziko mule, hazikupotea. Mufungule tu. »

« Règlement inakataza. Délai imepita, siku zimeisha. Tunafungula tu kama kuko fraude, muntu alidanganya, njo commission inakaa. » Papa Godefroid akashusha sauti, akamtazama kwa huruma ya mtu mwenye haraka. « Na weye una alama yako, seize. Unalia nini? Nyamaza, upite. »

Neno hilo « nyamaza » ndilo lililomaliza mchezo. Kulthumu alichana ukurasa wa daftari, akaandika palepale mezani kwa kalamu yake ya bic: « Mimi, Kulthumu Alimasi, nimepewa alama kumi na sita kwa kazi isiyo yangu. Ni udanganyifu. Naomba tume ikae. »

Papa Godefroid aliusoma mara tatu.

« Mama, hii itakuangusha. »

« Tia cachet, papa, » akasema, akimsogezea muhuri.

Tume ikakaa. Ikafungua jukwaa, ikakuta kazi zote zimelala mle salama, kila moja na jina lake kwenye ukurasa wa kwanza. Watu sabini na wawili wakasahihishiwa upya na kupita. Kulthumu, kwa kuwa alijishtaki mwenyewe, akapewa sifuri kwa udanganyifu na kuamriwa kurudia mwaka. Asidhani mtu kwamba alipokea kwa upole. Alilia, alitukana, alipiga teke mlango wa kitivo mpaka kidole kikavimba. Baba yake, mzee Alimasi, alizima cherehani, akamuuliza kama angeweza kufanya vingine. Hakuweza, na hilo lilizidi kumkasirisha.

Mwaka mpya wa masomo ulipofunguliwa, mkubwa mmoja wa chuo alisimama kueleza kwa nini jukwaa linaendelea. Kulthumu alikaa nyuma na wanafunzi wa mwaka wa pili asiowajua. Mkubwa akasoma kwamba jukwaa limeokoa muda, limepunguza msongamano, na limegundua udanganyifu mmoja ambao kwa njia ya karatasi usingejulikana kamwe.

Ukumbi ukapiga makofi. Safu za mbele walikaa wale wa mwaka wa tatu, sabini na wawili, Jephté akiwa katikati yao. Walijua. Wakapiga makofi nao, kwa sababu kila mtu alikuwa akipiga.

Kulthumu akasimama. Msimamizi akamwonyesha kwa mkono akae, lakini hakukaa.

« Mashini haikugundua kitu! » akapaza sauti, mpaka safu za mbele zikageuka. « Miye njo niliandika. Na bic yangu! Juu yenu, mupite! »