Ulimi wa Kitale, Magoti ya Ng'ambo

Tulipovuka mpaka wa Suam kutoka Uganda kuingia Kenya, mimi na binamu yangu, hatukuwa na kitambulisho chochote. Tulipata kazi ya ususi Kitale, tukagundua upesi kwamba pale mtaani "Mganda" ni tusi. Kuku akipotea, ni Waganda. Mvua ikikawia, ni hao hao. Mteja mmoja alipoisikia lafudhi yangu aliinuka kabla sijamaliza kumsuka, akapita mjini hivyo hivyo, upande mmoja rasta, upande wa pili kichaka.

Basi tukaanza mazoezi. Tukifua nguo, binamu alinisahihisha: sema ugali, usiseme posho, na utie "bana" hapa na pale. Mimi nikaitia kila mahali, hata kanisani nikasema, "Baba yetu, bana." Watu wakituuliza kwetu ni wapi, tulisema Ndalu, upande huu wa Kenya, ambako hatukuwahi kufika.

Siku moja mzee wa mtaa aliingia saluni kusaka wageni wa ng'ambo. Akanyooshea kidole sahani yangu ya mchana, akauliza ni nini. Nikajibu ni ugali, bana. Natoka wapi? Ndalu, bana. Akaridhika. Alipogeuka kuondoka, mamake akaingia kusukwa.

Kwetu msichana humwamkia mkubwa kwa kupiga magoti. Kabla sijafikiri nilikuwa sakafuni, chanuo mkononi. Binamu naye akashuka.

"Ndalu hawapigi magoti," mzee akasema.

Nikasema natafuta pini. Binamu akasema hata yeye. Tukatambaa chini ya viti tukiitafuta pini isiyokuwapo.

Mama yule akaketi, akamtazama mwanawe.

"Hawa wamenisalimia vizuri. Wewe leo umenisalimia?"

Mzee akavua kofia.

"Si upige magoti pia," mama akasema.

Mzee alijitetea kwamba yuko kazini. Mama akangoja tu. Mwishowe mwanawe akapiga magoti, kofia kifuani, akamwamkia. Alipoinuka, suruali yake ilikuwa imeota nywele magotini. Akatoka bila kutuuliza neno.

Hatukufukuzwa, ila maneno yalienea kwamba sisi ni Waganda. Mwenye nyumba akatutaka tuhame, na binamu, aliyechoka kuchunga ulimi, akaenda kusuka Bungoma. Mimi nilibaki pale saluni. Yule mama huja kila mwezi, na huwaambia wateja kwamba mimi ni msichana wake. Wengine bado hawataki niwaguse kichwa. Huwa nawaachia kiti, nakaa mlangoni kwenye jua hadi aje anayenitaka.