Bi Pasi Atafuta Mwalimu wa Hesabu

Kazini walimwita Bi Pasi, na jina likamkaa. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa, na hakuna aliyewahi kumwona na nguo yenye mkunjo, hata siku ile bomba la mvuke lilipopasuka na wenzake wote wakatoka mbio wamelowa chapachapa. Shuka za chumba cha upasuaji zilikunjwa kwa namna yake mwenyewe: pindo ndani, ncha moja nje, ili muuguzi akivuta ncha ile shuka ijifungue bila kuguswa kwingine. Mfanyakazi mpya alionyeshwa mara moja tu, kisha akaulizwa, "Umeelewa?" Na ole wake ambaye angejibu vingine.

Mwanamke wa namna hiyo hawezi kustahimili jambo lililokaa upande, na mwaka ule jambo lililokaa upande lilikuwa ndani ya nyumba yake. Binti yake wa pekee, aliyekuwa kidato cha tano katika masomo ya sayansi na aliyeapa tangu utotoni kwamba atakuwa mhandisi, alikuwa anashindwa. Si kushindwa kwa uvivu, maana alikesha na vitabu hadi macho yakamvimba. Hesabu za juu zilimkaba koo, fizikia ikamalizia. Shule ikatoa onyo: mtihani wa katikati ya mwaka ukiwa mbaya, atahamishiwa masomo mengine, na uhandisi ataishia kuuona kwenye mabango.

"Atafutwe mwalimu wa tuisheni," Bi Pasi akatangaza mezani. "Hata kama ni wa kufukuliwa ardhini, atafutwe."

Mumewe, ambaye alikuwa na jibu moja kwa matatizo yote ya dunia hii, alishusha gazeti kidogo. "Tusubiri kwanza, mama watoto. Tuone."

"Tuone nini, baba watoto? Tumekwisha kuona!"

Mwalimu wa kwanza aliletwa na wifi yake, dada wa mumewe, mtu ambaye kwa kila shida ana mtu wake. Ukiumwa jino, ana mtu wake. Ukitaka kuuza kabati, ana mtu wake. Safari hii mtu wake alikuwa mzee mstaafu aliyekula chumvi nyingi, aliyefundisha hesabu tangu wakati ambao barabara zote zilikuwa za vumbi. Alikaribishwa sebuleni, akapewa kiti kizuri na chai. Bi Pasi naye aliketi palepale, mikono mapajani, maana katika nyumba yake binti hakai na mwalimu peke yake, na pia alipenda kujionea jinsi mwanawe anavyojua kuheshimu wakubwa.

Mzee alianza na historia. Daktari fulani mkubwa alipita mikononi mwake. Rubani fulani pia. Kulikuwa na jaji mmoja pia, lakini huyo alikuwa mtundu. Alipofika kwenye hesabu yenyewe chai ilikwisha kupoa, akaipitia kwa sauti nzito kama anasoma hukumu, kisha akauliza, "Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa, mwalimu," binti akajibu, macho chini.

"Safi sana! Huyu kichwa anacho!"

Bi Pasi alijaa furaha hadi akamwongezea mzee sukari. Hali ikawa hivyo karibu kila alipokuja: rubani, jaji, umeelewa, nimeelewa. Kisha shule ikatoa jaribio dogo, na binti akarudi na alama za kufichwa mgeni asizione. Bi Pasi alishika karatasi ile kwa vidole viwili. Mzee akaagwa kwa heshima zote, na wifi akanuna kwa niaba yake.

Mwalimu wa pili alikuwa kijana wa chuo kikuu, ana vipokea sauti shingoni na simu inayolia kama ambulensi. Huyu hakuwa na historia hata moja. Alichukua kalamu, akakokotoa swali zima kwa kasi ya ajabu, akapiga mstari chini ya jibu. "Hii ni rahisi tu. Iko wazi, si ndiyo?"

"Iko wazi, mwalimu."

Akakokotoa jingine. Nalo likawa wazi. Daftari lilijaa majibu sahihi ya kijana yule, na kama ni yeye ambaye angefanya mtihani nyumba nzima ingecheza ngoma. Aliyefanya alikuwa binti, na jaribio la pili likawa baya kuliko la kwanza.

Hapo Bi Pasi alipandwa na hasira ambayo ilikwenda naye hadi kazini. Alizikunjua shuka zilizokwisha kukunjwa vizuri, akazikunja upya. Muuguzi aliyeuliza kama foronya ziko tayari alijibiwa kwa kutazamwa tu. "Watu wamesoma mpaka wamechakaa," alilalamika mbele ya mashine ya kukausha, ambayo angalau haikumkatiza, "na kumfundisha mtoto mmoja hawawezi! Mtoto mwenyewe anaelewa kila kitu!"

Na jambo hilo ndilo lililomkera zaidi. Alimwita binti jikoni. "Hebu niambie. Pale sebuleni unaelewa. Ukifika shuleni huelewi. Njiani kuna nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui nini?"

Binti alitazama vidole vyake vya miguu. Bi Pasi akaondoka jikoni kabla hajasema neno ambalo angelijutia.

Mwalimu wa tatu Bi Pasi alimpata mwenyewe, bila msaada wa wifi. Kulikuwa na mama mmoja kutoka maabara ya maji ambaye alikuja hospitalini mara kwa mara kuchukua sampuli za maji ya kufulia, na fununu zilisema alikuwa anafundisha hesabu na fizikia alasiri, na kwamba wanafunzi wake hufaulu. Kasoro yake ilikuwa koti. Koti lake jeupe lilikunjamana kama lililotafunwa na ng'ombe akalitema. Bi Pasi alilitazama koti lile, akameza mate, akamwomba aje nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yake: maji ya shingo.

Mama wa Maji alifika akiwa na koti lilelile. Chai hakutaka. Historia hakuwa nayo. Alivuta kiti kwenye meza ya chakula, akamtazama Bi Pasi aliyekwisha kuketi mahali pake. "Samahani, mama. Mimi nikifundisha, mzazi hukaa nje."

"Nje ya nyumba yangu?"

"Nje ya chumba. Nyumba ni yako."

Baba watoto alikuwa wa kwanza kuinuka, gazeti kwapani, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa gereza. Bi Pasi alimfuata huku damu inachemka. Lakini kutoka nje ni jambo moja na kuacha kusikia ni jingine, kwa hiyo alisimamisha meza yake ya kupigia pasi koridoni, hatua chache kutoka mlangoni, akachukua shati la mumewe na kutega masikio.

"Niambie unapotelea wapi," akasikia Mama wa Maji akisema.

Kimya.

"Tuanzie mbali. Kwenye grafu hii, ni wapi huelewi?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Sikukuuliza ulipoelewa."

Kimya tena, na safari hii kikawa kirefu. Pasi ilitoa mvuke. Nje mtu alipita na baiskeli yenye kengele. Bi Pasi alihesabu moyoni uchovu wake wote, mzee na rubani wake, kijana na simu yake, na sasa huyu anayelipwa ili akae kimya na mwanawe. Alisimama akisikiliza kimya kile hadi pua yake ikamwambia kuna kitu kinaungua. Kola ya shati ilikuwa na doa la kahawia lenye umbo la pasi. Yeye, Bi Pasi, ameunguza shati!

Alisukuma mlango akaingia nalo mkononi. "Mwalimu, uniwie radhi. Muda unakwenda na hakuna kinachofundishwa. Mwanangu ni mtoto mwenye adabu, ukimweleza anaelewa. Si ndiyo, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," binti akajibu haraka. "Nimeelewa."

Mama wa Maji aliweka kalamu chini. "Umeelewa nini? Mimi bado sijafundisha kitu."

Machozi yakaanza kumtoka binti, yale ya kimya, yasiyopanguswa. "Mama, mimi siwezi kusema," akasema. "Siku moja nilimwomba yule mzee arudie, ukanipiga jicho. Alipoondoka ukaniambia mtu mzima hasemeshwi mara mbili. Nikaacha."

"Mimi?" Bi Pasi akashangaa. Alitaka kukana kabisa, na neno lilikuwa tayari ulimini, lakini siku ile ikamrudia yote, na jicho lenyewe, na jinsi alivyomwomba mzee radhi kwa niaba ya binti. Aibu ilimshika hadi masikioni. Kwa kuwa aibu ni nzito kubeba, alijaribu kuigeuza hasira. "Na tangu lini kusema hujaelewa kukawa utovu wa adabu? Nani alikufundisha hivyo?"

"Wewe, mama."

Hakuna aliyecheka. Mama wa Maji alivuta daftari karibu, akasema kwa upole ambao Bi Pasi hakuutegemea kutoka ndani ya koti lile, "Kwangu mimi adabu ni kuniambia ukweli. Tutaanza na hilo, hesabu zitafuata. Mama, ukitoka naomba unifungie mlango."

Bi Pasi alitoka akaufunga mlango mwenyewe.

Wiki zilizofuata zilikuwa za mateso ya aina nyingine. Binti alikuwa amepewa zoezi la kusema "sijaelewa" kila asipoelewa, popote alipo, mpaka ulimi uzoee, naye alikuwa mwanafunzi mtiifu. Baba yake aliposema tusubiri tuone, aliuliza, "Baba, sijaelewa. Tunasubiri kuona kitu gani hasa?" na baba watoto akalikunja gazeti, akaenda kurekebisha bawaba ya mlango iliyokuwa imelegea miaka nenda miaka rudi. Wifi alipokuja kusimulia habari za mtu wake mpya, aliombwa arudie mara nyingi hadi habari zikamwishia. Bi Pasi alijing'ata ulimi. Mara mbili tatu alijikuta ameshaanza kupiga jicho, akaligeuza likatazama dirisha. Lakini mlango wa chumba ukifungwa alasiri, alisikia mwanawe akibishana na Mama wa Maji juu ya kitu kinachozunguka kwenye kamba, sauti juu, bila woga, na hapo pasi ilikwenda vizuri.

Mtihani ukaja. Fizikia alifaulu. Kemia alifaulu. Hesabu alipanda sana, ila hakufikia kiwango, akabaki nyuma kidogo tu, na kidogo kile kilimuuma Bi Pasi kuliko kama angeanguka vibaya. Shule ikamwita mzazi.

Mkuu wa masomo alikuwa mtu mwenye meza kubwa na haraka kubwa zaidi. Hakuketi vizuri. "Kwa kuzingatia mwenendo wa jumla wa alama," akasema, "na kwa mujibu wa utaratibu wa upangaji wa wanafunzi, shule imeonelea kwamba mwanafunzi huyu atanufaika zaidi nje ya masomo ya sayansi, hivyo tutakamilisha uhamisho wake wiki hii. Tumeelewana, mama?" Alikwisha kushika mafaili mengine.

Bi Pasi aliliona neno linakuja lenyewe mdomoni, laini, limepigwa pasi, tayari kutoka. Mbele ya watu wenye meza kubwa ndilo neno alilolisema maisha yake yote. Pembeni yake binti alikuwa anatazama sakafu, na mabega yake yalikuwa yamelegea.

"Sijaelewa, mwalimu," Bi Pasi akasema. "Naomba urudie."

Mkuu wa masomo aliinua kichwa. Alirudia maneno yaleyale, taratibu kidogo.

"Bado sijaelewa. Hapo kwenye 'shule imeonelea.' Ni amri au ni ushauri?"

"Ni... kwa kweli ni ushauri. Wazazi wengi hukubali."

"Na mzazi asipokubali?"

Mwanamume yule alikuna kidevu. Ilionekana ni muda mrefu hajaulizwa swali hilo. "Asipokubali, mwanafunzi anabaki alipo. Mtihani wa mwisho ndio utakaoamua."

"Basi sikubali," Bi Pasi akasema. "Na sasa nimeelewa. Ahsante, mwalimu."

Walivuka uwanja wa shule. Walipokaribia lango binti akasema, "Mama, amekasirika yule."

"Acha akasirike. Atapoa." Kisha, hatua chache mbele, akasema, "Mimi nilitolewa shule nikiwa kidato cha pili."

Binti alisimama. Hilo alikuwa hajawahi kuambiwa.

"Babu yako aliitwa ofisini kama hivi nilivyoitwa. Mwalimu mkuu akazungumza, akazungumza, akamuuliza, umeelewa, mzee? Babu yako akavua kofia akasema, nimeelewa, mwalimu. Akanishika mkono tukarudi nyumbani."

"Alielewa?"

"Nilimuuliza njiani. Nikamwambia, baba, mwalimu amesemaje?" Bi Pasi alinyoosha kola ya mwanawe, ingawa ilikuwa imenyooka. "Akaniambia, 'Sijui, mwanangu. Alikuwa anasema haraka.'"