Bia ya Watawa na Koo la Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa mpishi wa bia. Nasema mpishi kwa sababu ndivyo alivyojiita mwenyewe, ingawa kwenye kiwanda kidogo alikofanya kazi, hapa Kampala, cheo chake kilikuwa na jina refu zaidi. Bia iliyompa sifa ilikuwa moja tu: bia ya dhahabu iliyopauka, yenye ukungu kidogo, kwa namna wanavyopika watawa wa Ubelgiji katika nyumba zao za sala. Mzee wa Kibelgiji ndiye aliyemfundisha, kisha akarudi kwao na kumwachia matangi ya kupikia.

Kabla ya hapo kaka alikaa seminari miaka miwili, akatoka. Baba yetu, polisi kutoka kaskazini, aliyesali kanisa kuu la Lubaga kila Jumapili bila kukosa, hakumsamehe mpaka anaingia kaburini. Mama ni Mwislamu wa mtaa wa Kibuli, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani. Yeye kuachwa kwa upadri hakukumsumbua. Ila kaka alipoanza kupika pombe, mama aliacha kabisa kuuliza habari za kazi yake.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilichojua kuhusu bia ni kwamba hunywewa baridi. Jumamosi mchana nilikuwa namtembelea kaka Nateete, kwenye vyumba vyake viwili nyuma ya soko, naye ananiwekea glasi mbele na kunikataza kuigusa. Kwanza nitazame povu linavyokaa. Kisha ninuse. Mara ya kwanza nilimwambia inanuka bia. Hakucheka. Aliirudisha glasi puani mwangu, akaniambia nifumbe macho nikumbuke jiko la mama siku ya Idi, na hapo nikaipata: karafuu. Hakuna aliyeitia, alisema, imetoka kwenye hamira yenyewe. Baada ya wiki nyingi nikaanza kuyapata mengine bila kuongozwa: ganda la chungwa, pilipili manga, mkate ulioungua ukingoni. Nikikosea ananyamaza tu, nami najua nimekosea. Nikimfurahisha kwa maneno mazuri ndipo anapokasirika. Alitaka nimwambie kilichomo, basi.

Yeye mwenyewe hakuridhika na bia yake. Alisema ya watawa huanza kama asali na kuishia kavu, ule uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, ukifika mwishoni na kukausha ulimi mpaka mtu atake funda jingine. Yake ilibakiza utamu kooni. Alibadilisha joto, akabadilisha kimea, akaongeza siku za kuilaza. Utamu haukuondoka.

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Alidhani ni vumbi la kimea, akanywa tangawizi miezi mizima. Alipokwenda kupimwa, uvimbe ulikuwa umeshafika pabaya. Ilikuwa saratani ya koo. Walimchoma mionzi wiki baada ya wiki, na mionzi ikampa vidonda mdomoni, ikamkausha mate, ikaondoka na ladha na harufu pamoja. Aliniambia akilamba chumvi ni kama analamba ukuta. Mama alimhamishia kwake Kibuli, kwenye chumba cha mbele, akawa anamlisha uji mwembamba kwa mpira uliopitishwa puani. Mtu aliyekuwa akibeba gunia la kimea peke yake, mimi sasa nilimgeuza kitandani kwa mkono mmoja.

Alasiri moja dereva wa boda boda alileta mfuko kutoka kiwandani. Ndani mlikuwa na chupa mbili na karatasi. Wenzake walikuwa wamepika bia yake kwa mara ya kwanza bila yeye, na waliomba awaambie kama imekaa sawa. Sijui walifikiri nini. Nadhani hawakujua kuhusu ulimi wake, maana hakuwaambia.

Kaka aliisoma karatasi mara mbili, akaniashiria nisogee. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi, ilibidi niweke sikio karibu na mdomo wake.

"Kunywa wewe," alisema. "Halafu niambie."

Nilitoka kwenda kumwambia mama. Nyumba ile haikuwahi kuingiwa na pombe tangu ijengwe na babu. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliuweka ungo chini, akanyanyuka, akafungua kabati la vyombo vya wageni, akanipa glasi moja. Akajifunga mtandio, akaenda kwa jirani.

Nilimimina mbele ya kaka, polepole, nikaacha mashapo ndani ya chupa kama alivyonifundisha. Nikamweleza. Povu zito, jeupe, halishuki. Karafuu ipo. Chungwa lipo, na tunda jingine nyuma yake, kama peasi lililoiva mno. Yeye alikuwa amefumba macho na anaitikia kidogo kwa kichwa kila neno.

"Na mwisho?"

Nilikunywa tena. Asali ilipita, kisha uchungu ukaja taratibu, safi, ukausafisha ulimi wote, na kooni hakukubaki kitu. Nilijua papo hapo nimekunywa nini. Nikamwambia inaishia kavu.

"Kavu kiasi gani?"

"Kavu. Nataka kunywa tena."

Alifumbua macho. Akaniuliza kama imeshinda yake.

Nikasema hapana, yako ilikuwa bora.

Ilinitoka haraka, kabla sijaamua. Kaka alinitazama kwa namna alivyokuwa akinitazama kule Nateete nikimpamba kwa maneno, ila safari hii hakuwa na nguvu za kukasirika. Alikuwa ameshaipata bia yote kichwani kutokana na maneno yangu. Mpishi hakuhitaji ulimi kwa hilo.

"Wameipata," alisema. "Sikukufundisha kudanganya."

Akageukia ukutani. Nilimwona bega linatikisika, na mate yalikuwa yamemkauka kiasi kwamba kilio chake hakikuwa na sauti, mkwaruzo tu. Nilikaa pale na glasi mkononi. Nilitaka kuomba radhi nikashindwa kujua niombe kwa lipi, kwa uongo au kwa ile bia. Baadaye akaniamuru niandike nyuma ya karatasi yao: imekaa sawa, msibadilishe chochote. Alitia sahihi mwenyewe, herufi zikipanda na kushuka.

Mama aliporudi aliokota ile glasi, akaenda kuitupa kwenye shimo la takataka. Chupa ya pili niliimwaga nje, nyuma ya choo.

Kaka alifariki siku tisa baadaye, asubuhi, mama akiwa anambadilisha shuka. Katika siku hizo tisa alizungumza nami juu ya maji, dawa na mto wa kulalia. Juu ya bia hakuzungumza tena, nami sikuthubutu. Tulimpeleka kaskazini tukamzika pembeni ya baba. Mama alikaa na wanawake wa ukoo wa baba, mtandio kichwani, akiitikia kila aliyempa pole.

Baada ya miezi kadhaa wale wa kiwandani walinialika niende kuonja nao, walisikia kwamba kaka aliniamini. Nilikwenda mara moja. Waliniketisha mezani pamoja na watu watano, wakanimiminia, wakaniuliza naonaje. Bia ilikuwa nzuri sana. Niliwaambia hivyo, nikaacha nusu glasi, nikaondoka, nikatembea kwa miguu hadi nilipochoka.

Siku hizi inauzwa kwenye baa nyingi za mjini. Wenzangu shuleni huiagiza siku ya mshahara na kuisifia, nami nakunywa soda. Mama hajaniuliza hata siku moja kaka alisema nini alasiri ile, na akiniuliza sijui kama nitamwambia.