Alhamisi Tatu za Kungoja Namba Thelathini na Nane

Haya alinisimulia Nunziella Scognamiglio mwenyewe, Jumatatu iliyofuata siku tuliyoshuka kutoka hija ya mlimani kwa Bikira Maria Mweusi, mwezi huu wa Februari, huku akinipindia sketi. Ya zile Alhamisi tatu niliyaona kwa macho yangu.

Saa moja asubuhi. Uchochoro bado umelowa maji ya kufagilia na kahawa za watu ndiyo kwanza zinachemka. Mwanaume wa miaka thelathini na mmoja, shingo nene, mikono ya mbeba mizigo, anasimama mbele ya mlango wa mbao wa pande mbili. Anagonga mara mbili.

"Sossio hapa," anasema, kisha anangoja.

Ndani ufunguo unazungushwa. Upande wa kulia unaachia upenyo; anapenya hatua tatu, anausukuma wote, anainua komeo la chuma linaloshikilia upande wa pili.

"Na wa kushoto," inasema sauti kutoka nyuma ya pazia.

Anafungua na wa kushoto. Anabeba cherehani na kuiweka kizingitini, penye mwanga, kisha anaondoka kwenda kushusha makreti yake ya maji. Hakaribishwi kahawa, naye haonyeshi kuitazamia.

Nunziella anatoka nyuma ya pazia hatua za Sossio zikiisha kusikika. Ana miaka sitini na minane. Alizaliwa na mwili wa kiume, akaishi kike tangu alipojua kuchana nywele, na kwetu Napoli watu wa namna yake tunawaita femminielli. Mtoto akizaliwa uchochoroni hapa, jambo la kwanza ni kumpeleka akapakatwe na Nunziella, apate bahati. Wangu wanne walipitia mikononi mwake.

Sossio naye alipitia humo humo. Alipofikisha miaka tisa, suti yake nyeupe ya komunyo ya kwanza ilitoka kwenye cherehani hii.

Na mkono wa kulia wa Nunziella una vidole vitatu visivyokunjika. Aliyevivunja ni Sossio.

Ilikuwa Septemba ya mwaka juzi, saa tano asubuhi, jua kali. Sossio alikuwa anapita na makreti pamoja na vijana wawili wa ghalani, wageni wa mtaa. Nunziella, akiwa kizingitini kama siku zote, akamwita, "Kipenzi, umenenepa, ile suti sasa haikuingii hata mguu mmoja."

Wale vijana wakacheka. Mmoja akauliza, "Huyo ndiye mpenzi wako?"

Sossio akaweka kreti chini. Alimwita Nunziella neno ambalo sitaliandika, akamvuta kutoka kitini, akamwangusha kwenye mawe, na mkono uliposhika ukingo wa ngazi akaukanyaga. Kisha akaukanyaga tena. Wanawake watatu walimtoa pale kwa mafagio.

"Mkono uliunga vibaya, mfupa huku na mfupa kule," Nunziella anasema, akiugeuza. "Zamani suruali ishirini kwa wiki. Sasa sita, na hizo sita nazitukana kuanzia kiuno mpaka pindo. Lakini si mkono ulioniumiza zaidi. Ni mlango."

Mtu asiyeishi chumba cha chini kama vyetu atashangaa. Chumba ni kimoja, dirisha halipo, mlango unafungukia uchochoroni. Mlango ndio mwanga, ndio hewa, ndio jirani. Tangu siku ile Nunziella alishona mlango umefungwa, taa inawaka mchana kutwa. Kila aliposikia hatua za mtu alishika mkasi na kungoja zipite. Alihesabu hatua mpaka akajua kila kiatu cha mtaa.

Kesi ilipofika, wakili wake alimwambia habari njema: kwa kosa kama lile, na kwa chuki ile iliyosikiwa na mashahidi, Sossio angefungwa miaka kadhaa.

Gilda alifurahi. Gilda ni rafiki wa Nunziella kwa miaka hamsini, femminiello kama yeye, mrefu, mwenye sauti ya kuita meli.

"Aoze," Gilda alisema. "Aozee huko, na mimi nitampelekea maua."

Nunziella aliendelea kushona. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, siku zile polisi walipokuwa wanawakamata watu wa namna yake kwa ajili ya nguo tu, alikaa miezi minane gerezani, upande wa wanaume. Hiyo miezi minane hajawahi kunisimulia, nami sijawahi kuuliza.

"Nilijiuliza, akifungwa, mlango wangu nitaufungua?" ananiambia sasa, pini mdomoni. "Nikaona hapana. Angekaa yeye ndani na mimi ndani. Na siku akitoka, atatoka vile walivyotoka wale niliokaa nao. Nawajua."

Hakimu alisema kesi itaendelea, ila kama wote wawili wataridhia, wanaweza kukutana mbele ya msuluhishi, na yeye hakimu atalipima hilo kwenye hukumu. Nunziella akaridhia. Gilda hakumsemesha siku kumi na moja.

"Na yule atakayepigwa kesho?" Gilda alimuuliza siku ya kumi na mbili. "Utamwambia nini? Kwamba ukimvunja mmoja wetu unapewa kiti na bilauri ya maji?"

"Sijui, Gilda."

"Haya. Angalau unajua kwamba hujui."

Katika ofisi ya msuluhishi, Sossio alikuja na karatasi. Akasoma, "Naomba radhi kwa yaliyotokea."

"Yaliyotokea?" Nunziella akasema. "Mvua ndiyo hutokea. Wewe ulikuja kwa miguu yako. Kunja hiyo karatasi. Unieleze mbele ya wale walionisikia nikilia."

Msuluhishi akamuuliza ni wapi. Nunziella akajibu pasipo kufikiri: kwenye tombola, ule mchezo wetu wa kuita namba mpaka mtu ajaze kadi yake.

Kila Alhamisi saa kumi alasiri, kuanzia Desemba, femminielli huita tombola chumbani kwa Gilda. Wanaokaa ni wanawake na femminielli tu. Mwanaume husimama nje ya kizingiti. Kikapuni mna vipande tisini vya mbao, na kila namba ina kitu chake. Kumi na tisa ni kicheko. Arobaini na nne ni jela. Tisini ni hofu. Mwitaji akitoa namba huitungia maneno, mara nyingi machafu, mpaka bibi wa watu anajifuta machozi kwa gauni.

Thelathini na nane ni kipigo.

"Utasimama kizingitini," Nunziella alimwambia Sossio. "Ikitoka thelathini na nane, utasema ulichofanya. Isipotoka, rudi Alhamisi nyingine."

Alhamisi ya kwanza alikuja amenyoa, kofia mkononi. Nunziella aliita. Ikatoka kumi na tisa, ikatoka themanini na tisa, bibi kizee, na mimi nikatungiwa maneno ya kunitosha mwaka mzima. Kila mkono ulipoingia kikapuni, Sossio alivuta pumzi. Saa nzima na nusu. Halafu Titina wa duka la mkate akajaza kadi yake na mchezo ukaisha. Thelathini na nane haikutoka.

"Nende?" Sossio akauliza.

"Nenda," akajibiwa.

Alhamisi ya pili ikawa vile vile, ila Desemba hiyo ilikuwa na baridi, na yeye jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Mtu akicheka, yeye anaruka. Mchezo ukaisha. Safari hii hakuuliza kama aende. Alisimama pale amekamata mwimo wa mlango.

"Siwezi kula tangu Alhamisi ile," akasema. "Nasikia mkono wako unaingia kwenye kapu hata nikiwa kazini. Niache niseme sasa, yaishe."

Nunziella alikuwa anakusanya maharage tunayofunikia namba. Hakumtazama.

"Mimi hungoja hivyo hivyo," akasema. "Kila nikisikia viatu. Miezi kumi na tano."

Nimeishi miaka mingi na nimeona mapadri na mahakimu wakiwaambia watu maneno makubwa. Sijaona uso wa mtu ukibadilika kama ulivyobadilika ule.

Alipokwisha ondoka, Gilda akanguruma, "Unaificha ile namba. Unaipapasa kapuni."

"Kwa vidole hivi? Hata kifungo cha shati sikipambanui na sarafu."

"Basi ni Bikira anaificha."

Hatukucheka, maana tuliwaza hilo hilo.

Alhamisi ya tatu ilitoka, ikiwa namba ya nne kuitwa. Nunziella alikitazama kile kipande, akakiweka mezani. "Thelathini na nane," akasema, wala hakukitungia neno.

Sossio akavua kofia. "Nilimvuta kitini. Nilimkanyaga mkono. Nilisikia mfupa, na yeye akaniita jina langu, nikakanyaga mara ya pili kwa sababu watu walikuwa wananicheka. Mkono ule ule ulinipakata." Akaikunja kofia. Kisha akasema, "Sikuwa nimelewa. Wakili wangu alitaka niseme nilikuwa nimelewa."

Chumba kizima, watu kumi na wanane, hata punje moja ya harage haikusogezwa.  Ilikuwa kama kanisani pale kengele inapogongwa na wote wanainama.

Gilda akainuka. "Mimi sijakusamehe. Ujue."

"Najua, mama."

"Na usiniite mama."

Nunziella akatia mkono kapuni. "Kumi," akasema. "Maharage." Na mchezo ukaendelea, kwa sababu hatukujua kufanya kingine.

Januari hakimu alimpa Sossio kifungo cha nje. Kila asubuhi kwa mwaka mzima anafungua mlango ambao mkono ule hauwezi kuufungua. Nunziella ndiye aliyeomba hivyo.

"Nami sijamsamehe," anasema, akitoa pini. "Andika hivyo, wasinifanye mtakatifu. Bado najificha nyuma ya pazia mpaka aondoke. Lakini viatu vyake sasa najua vinakuja kufanya nini."

Mpango wake ni wa Mei, mwezi wa komunyo. Wamekwisha kuja wazazi watatu kuulizia suti za komunyo, naye amekubali zote tatu. Na lipo moja dogo, analisema kama mtu anayeona aibu: kulala mchana mlango ukiwa wazi, kama zamani.

Saa nane mchana. Masufuria yameoshwa, vitasa vimelia uchochoro mzima watu wakijifungia kulala, hata mbwa wa Titina amelala. Gilda, aliyekuja kubishana, anakoroma kitandani na viatu vyake.

"Funga, nisinzie kidogo," Nunziella ananiambia. Ninashika mlango. "Ngoja. Upande mmoja tu." Ninarudisha mmoja. Anautazama ule mwingine, jua limeingia mpaka kwenye kanyagio la cherehani. "Hebu acha. Acha wote wazi."

Hatua zinapita nje, viatu vizito, polepole. Anafumbua jicho moja, anasikiliza.

"Mwenye samaki," anasema. Mkono ule mbovu unateleza kutoka kwenye mkasi mpaka mapajani, umefunguka, na Nunziella amelala.