Jogoo Mwekundu Madhabahuni

Jumapili ya mavuno, kanisani kwetu Kola, nusura nipande juu ya benchi kwa furaha! Mchungaji alikuwa ametusomea jinsi Abeli alivyomtolea Mungu wanyama walionona, akatuita tupeleke malimbuko mbele. Jirani yangu, mkulima wa mahindi, akanyanyua gunia lake akininong'oneza, "Nimeleta kale kakuku kamekonda. Mungu haangalii mwili, anaangalia roho."

Mchungaji akafungua gunia. Jogoo mkubwa mwekundu akaruka hadi madhabahuni, akapigapiga mabawa na kuwika! Vigelegele vikajaa kanisa.

"Huyo ni jogoo wangu!" jirani akapiga kelele, mikono kichwani.

"Ndiyo, ni wako, mzee! Mungu akubariki!" mchungaji akajibu. Makofi yakazidi.

Upande wa akina mama, mke wake alikuwa akifunga leso yake polepole. Tulipotoka nje nikamuuliza.

"Nilibadilisha asubuhi," akasema. "Mimi niko na imani. Kale kamekonda atakula yeye jioni."

Nilicheka hadi machozi. Sikumwambia kwamba boga nililotoa mimi nililibeba hadi mbele nikiziba kwa kiganja shimo la wadudu.