Maji ya Asumini

Juzi nilinunua mche wa asumini. Nilipounusa udongo wake, uliolowa hata ukavunda, nilirudi uani kwetu Langoni, nikiwa mtoto.

Babu alikuwa ameshazikwa, na bibi yumo edani. Chungu chake cha asumini kilikuwa kimejaa visubi, majani yamegeuka manjano. Mama akatukataza sote kukitia maji, ili udongo ukauke. Juu yake akalaza kipande cha muhogo mbichi, kuwavuta funza waliokuwa wakila mizizi.

Siku ya pili alikigeuza kile kipande. Funza weupe, wembamba kama uzi, wenye vichwa vyeusi, walikuwa wakifurukuta upande wa chini. Udongo nao ulikuwa chapachapa.

"Ni wewe," mama akanigeukia.

"Wallahi si mimi."

Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Bibi akatoka msalani amebeba kopo la shaba lililojaa maji, akainama, akayamimina polepole chunguni, mbele yetu.

"Mama," mama akamwambia, "si tulikubaliana kisitiwe maji?"

Bibi alimtazama kana kwamba ameulizwa swali la kitoto.

"Siyamwagi ovyo, mwanangu. Haya ni mai ya udhu ya babako. Nimemtekea, na leo tena hakuyatumia."

Mama alikuwa bado ameushika ule muhogo. Funza walimpanda vidoleni, naye hakuwakung'uta.