Vigingi vya Malisho Usangu

Fanueli alizaliwa Igowole, akaoa Usangu, akahamia karibu na Chimala. Miaka minane alichunga ng'ombe wa mkwewe, na kila jani la mbugani akalijua kwa jina. Kwa hiyo mwaka 1956, idara ya mifugo ilipotaka kupima malisho, ilimwajiri yeye kushika kamba na kutaja nyasi.

Walikuwa wanapigilia kigingi, wanaweka fremu ya mbao, kisha wanahesabu kilichomo ndani. Siku ya kwanza Bwana Mifugo, Mzungu asiyependa maneno mengi, aliagiza wapime kando ya barabara ili gari lisihangaike.

"Hapo ng'ombe wanapita kila siku kwenda mnadani, bwana," Fanueli akamwambia. "Tutakuwa tumepima barabara, siyo mbuga."

Mzungu alivuta kiko chake. Kesho yake alikuja na ramani iliyochorwa miraba, pamoja na kopo la vikaratasi vya namba. Mraba ambao namba yake ilitoka ndio uliopimwa, uwe wa tope au wa miiba. Zilitoka namba ishirini.

Habari zikamfikia Gideoni, kaka wa mke wa Fanueli, mwenye ng'ombe sitini. Akamfuata nyumbani.

"Shemeji, vigingi vitatu vimeangukia kisimani kwetu, penye vumbi tupu. Visogeze mtoni. Wakiona vumbi watatupunguzia ng'ombe."

"Nikivisogeza vyako, kesho watu wa Ubaruku watakuja na vyao."

"Dada yangu anakunywa maziwa ya ng'ombe hao."

"Najua. Na mimi nayanywa."

Gideoni aliondoka bila kuaga.

Asubuhi Fanueli alitangulia kisimani peke yake. Alisimama kwa muda, nyundo mkononi, na hapakuwa na mtu wa kumwona. Mwishowe aliweka fremu palepale namba zilipoangukia, zote tatu, akahesabu: mashina manne ya nyasi, basi.

Hesabu zote zilipokamilika, fremu zenye vumbi zilikuwa hizo tatu tu za kisimani. Kwingine nyasi zilikuwepo. Ng'ombe hawakupunguzwa. Lakini mifugo ilikatazwa kisimani kwa misimu miwili ya mvua, na Gideoni akawa ananywesha mtoni, mwendo wa saa mbili.

Misimu yote hiyo hakukanyaga kwa Fanueli. Maziwa aliendelea kumtumia dada yake, katika kibuyu kilekile, kama kawaida.